Gemu za kulinda mtandao: ipi ya mtoto, ipi ya fundi chipukizi, ipi ya ofisi

Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwenye chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, vijana kumi na mmoja na mimi, tukiwa na kompyuta sita, swichi moja ya poti nane na ruta ambayo ikishapata joto lazima izimwe ipumue. Siku za kazi mimi ni fundi wa mitandao, navuta waya na kufunga ruta kwenye maofisi ya Kariakoo, Posta na Mikocheni. Jumamosi nafundisha. Wazazi wa vijana hawa, na mabosi wa ofisi ninazozihudumia, wananiuliza swali lilelile: kuna gemu gani mtu akiicheza atatoka hapo anajua walau jambo moja la kulinda mtandao?

Nimezicheza nyingi kwa ajili ya swali hilo. Nyingi kati yake ni gemu za kujenga minara zilizovalishwa nguo za kompyuta: adui anaitwa kirusi, mnara unaitwa fayawoli (ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao), lakini ukifuta majina hayo ukaweka nyani na shamba la mahindi, gemu inabaki ileile. Hazina ubaya, ila hazijibu swali. Zilizobaki mkononi mwangu ni nne: Cybersecurity Lab, Hacknet, Uplink na Backdoors & Breaches.

Kabla ya kuuliza bei au uzuri wa picha, mimi naangalia gemu inanikalisha upande gani. Mbili kati ya hizi zinakukalisha kwenye kiti cha mlinzi, mbili kwenye kiti cha mvamizi. Mvamizi akikosa dirisha hili anajaribu lile, na haraka hana. Mlinzi ana kompyuta ya mapokezi inayotumiwa na watu wanne kwa nywila moja, ana bosi anayetaka kazi iende, ana hela ya kununua kitu kimoja kati ya vitatu anavyovihitaji. Gemu isiyokufikisha kwenye uchaguzi huo haijakufundisha ulinzi, hata kama imejaa makufuli na ngao.

Cybersecurity Lab, ya mtoto wa sekondari

Hii imetengenezwa na NOVA Labs, watu wa kipindi cha sayansi cha PBS, televisheni ya umma ya Marekani. Ipo tangu 2014, inachezwa kwenye brauza, na ni bure. Unapewa cheo cha mkuu wa teknolojia kwenye kampuni changa ya mtandao wa kijamii. Watumiaji wanaongezeka, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo mashambulizi yanavyokuwa makali. Ili upate cha kununulia ulinzi lazima ufanye mazoezi ya aina tatu: kupanga vipande vya amri ili roboti ipite njia yake, kushindana kuvunja nywila, na kutambua utapeli.

Zoezi la nywila linafanya kazi ambayo mihadhara yangu imeshindwa kuifanya. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa na nywila ya jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Nilimwambia mara tatu aibadilishe, akaitikia mara tatu. Siku aliyokaa upande wa kuvunja, akaona jina na tarakimu chache zinavyoanguka upesi, hakusema kitu. Usiku nikamwona kwenye simu, anabadilisha.

Zoezi la utapeli linakuwekea barua pepe au kurasa mbili zinazofanana, sambamba, unatafuta zinapotofautiana kisha unasema ipi ni ya tapeli. Mifano ni ya Kimarekani, ila zoezi lenyewe linahamishika. Hapa Dar hakuna mwenye simu ambaye hajawahi kupata ule ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii". Nilimwekea mpwa wangu ujumbe huo kando ya ujumbe wa kweli wa muamala, kama gemu inavyofanya. Ule wa kweli una kumbukumbu namba, una jina, una kiasi, una salio. Akautazama ule mwingine muda mrefu.

"Mjomba, mbona hajasema ni hela ya nini?"

Hajasema kwa sababu hajui. Ameutuma kwa watu wengi mno, anamsubiri yule mmoja ambaye siku hiyo kweli alikuwa anataka kumtumia mtu kodi ya nyumba. Mtoto aliyeliona hilo mwenyewe hahitaji kukaririshwa orodha ya dalili za utapeli.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba upande wa ulinzi wenyewe ni mwepesi. Unaambiwa shambulio la aina gani linakuja, unanunua kinga ya aina hiyo, basi. Pia inahitaji Kiingereza cha kusoma maelezo marefu, kwa hiyo mtoto anayesuasua akae na mtu pembeni. Sisi ilituchukua Jumamosi mbili, na hakuna aliyeomba kuirudia. Kama mtoto bado yuko shule ya msingi, mpe Interland ya Google, ya 2017, ambayo ina dunia nne ndogo, na moja kati yake inahusu kulinda taarifa zako na kutengeneza nywila imara. Wa kidato ataiona ya kitoto.

Hacknet au Uplink, kwa anayetaka kuwa fundi

Hizi mbili ndizo watu wanazozichanganya, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo. Zote zinakufanya mdukuzi, zote zina saa inayohesabu wakati mwenye mashine anakufuatilia, na zote zimetengenezwa na watu wachache tu. Mikononi lakini ni vitu viwili tofauti.

Hacknet ilitoka 2015. Aliyeitengeneza ni Matt Trobbiani wa Australia, chini ya jina la Team Fractal Alligator. Inaanza na ujumbe wa mdukuzi anayeitwa Bit, ambaye ameshakufa, na wewe unaachiwa kazi ya kufuatilia kifo chake. Hadithi ni nzuri, ila mimi naipendea kibodi. Unaandika amri, na nyingi ni za kweli za mifumo ya Unix: ls kuona kilichomo, cd kuingia kwenye folda, cat kusoma faili, rm kufuta, scp kunakili kutoka mashine moja kwenda nyingine. Na namba za poti, yaani milango ambayo huduma za mashine hupitia, ni za kweli pia: 21 ya FTP (kuhamisha mafaili), 22 ya SSH (kuiendesha mashine ukiwa mbali), 25 ya barua, 80 ya tovuti. Kila programu ya kuvunjia inakula kumbukumbu ya mashine yako, kwa hiyo huwezi kuziwasha zote kwa pamoja. Unapanga ipi ianze, ipi isubiri, na saa inakwenda.

Kijana mmoja wa Jumamosi, aliyeimaliza wakati wa likizo, nilikwenda naye kazini Mikocheni. Nikafungua ukurasa wa mipangilio wa ruta ya pale, yeye kasimama nyuma yangu. Kabla sijasema neno akauliza, "Mwalimu, hii 22 wameiacha wazi kwa nje ya nini?" Hakukuwa na sababu. Fundi aliyetangulia alijirahisishia kazi akaondoka. Tuliifunga palepale. Sijui somo la ubaoni ambalo lingempa kijana wa miaka kumi na saba jicho hilo kwa wiki tatu.

Kuna mahali pia ambapo gemu inakugeuza mlinzi bila kukuuliza. Mdukuzi mwingine anakuvamia wewe, anafuta faili la mfumo linalochora madirisha, na skrini yote unayoijua inapotea. Unabaki na mstari wa kuandikia amri peke yake. Lazima utulie, ukumbuke ulichojifunza, uende kwenye mashine nyingine ukalichukue faili hilo ulirudishe. Nimewaona vijana watatu wakifika hapo, na wote mkono wa kwanza uliondoka kwenda kwenye kitufe cha kuzima. Nawaambia wasizime, kwa sababu ofisini mtu akizima ndipo ushahidi mwingi unapotea.

Kisichokuwa cha kweli ni jambo moja, na lazima kijana aambiwe: hakuna programu unayoiandika jina lake halafu poti ya SSH inafunguka kwa sekunde kumi. Kwenye maisha ya kweli mlango huo unaingiliwa kwa nywila dhaifu, kwa ufunguo ulioibwa au kwa programu ya zamani ambayo hakuna aliyeisasisha. Ukimaliza Hacknet bila kuambiwa hivyo, utaogopa mchawi na kuisahau nywila.

Uplink ni mzee. Ni ya 2001, ya Introversion Software ya Uingereza, kampuni ya marafiki watatu waliokutana chuoni Imperial College London: Chris Delay, Mark Morris na Thomas Arundel. Hapa huandiki amri sana, unabonyeza. Una ramani ya dunia, unapitisha muunganisho wako kwenye mashine nyingi ili anayekufuatilia achelewe, na kuna kifaa kinacholia taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Ukikamatwa, wakala wako (mdukuzi unayemchezesha) amekwisha, hakuna kurudi nyuma hatua mbili. Vijana wengi waliozoea gemu za simu wanakata tamaa hapo, na siwalaumu.

Lakini kwa jambo moja Uplink inaipita Hacknet, nalo ni logi, kumbukumbu ambazo mashine inajiandikia za nani ameingia na amefanya nini. Hacknet nayo inakutaka ufute nyayo zako, ila Uplink inakufanya uziote usiku. Unamaliza kazi, unalipwa, unaendelea na mengine, halafu baadaye wanakuja kukuchukua kwa sababu ya mstari mmoja uliousahau kwenye mashine uliyopitia tu. Mtu aliyepoteza wakala wake namna hiyo ukimwambia kwamba logi za ofisi zinatakiwa zitunzwe kwenye mashine nyingine, mahali ambapo aliyeingia hawezi kuzifikia, haulizi kwa nini. Na hadithi yake ina njia panda: kampuni ya Andromeda inatengeneza kirusi cha kuua intaneti yote, kinaitwa Revelation, na kampuni ya Arunmor inatengeneza Faith ili kukizuia. Unachagua. Ukienda na Arunmor, unakuwa mlinzi wa mtandao wa dunia.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizi mbili kwa kijana anayetaka kazi hii, nampa Hacknet bila kusita. Mikono yake itajifunza kitu atakachokikuta kazini. Uplink naiweka kwa mtu mzima mwenye subira, au kwa mwenye kompyuta ya zamani kabisa isiyobeba kingine.

Kuna neno moja ambalo mzazi asiache kulisema kabla ya kumlipia mtoto yoyote kati ya hizi mbili. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 4 kinafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Udadisi si kinga. Kwangu sharti ni kwamba unachojifunza unakijaribu kwenye ruta ya chumba chetu peke yake, na aliyejaribu kwenye Wi-Fi ya jirani harudi Jumamosi ijayo.

Bando na hela

Cybersecurity Lab inakula bando kwa sababu iko kwenye brauza na ina video. Hacknet na Uplink unazipakua mara moja, zote ni ndogo ukilinganisha na gemu kubwa za siku hizi, na baada ya hapo unacheza hata mtandao ukiwa chini. Bei yake isiyo na punguzo ni takriban dola 10 kila moja, na Steam, duka la gemu la mtandaoni, hushusha bei mara kwa mara, kwa hiyo asiye na haraka asubiri. Kulipa si shida tena, kadi ya Visa ya mtandaoni unayoifungua kwenye simu inatosha. Laptopu za mtumba za Kariakoo zenye RAM ya GB 4 zinazibeba zote.

Kuna kitu ambacho hakuna hata moja kati ya gemu hizi inayokifundisha. Mei 2024 intaneti ya nchi nzima iliyumba kwa siku kadhaa kwa sababu nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hakuna mdukuzi, hakuna nywila. Ofisi zilizokuwa na njia ya pili ya kutokea ziliendelea na kazi, nyingine zilikaa. Siku mtu akitengeneza gemu ya kulinda mtandao kutoka Dar es Salaam, ningependa waya wa baharini na umeme wa kukatika viwemo.

Backdoors & Breaches, ya ofisi

Hii ni ya kadi, imetengenezwa na Black Hills Information Security ya Marekani mwaka 2019, na inachezwa pia kwenye brauza bure, jambo lililotuokoa sisi ambao kuagiza kadi zenyewe ni gharama.

Niseme kwa nini naitilia mkazo. Mwaka jana ofisi moja ninayoihudumia ilipata janga. Asubuhi ya Jumatatu mtu alifungua kiambatisho kilichoandikwa ankara. Kufikia saa tano mafaili ya mhasibu yalikuwa hayafunguki. Bekapu ilikuwepo, kwenye diski ya nje, na diski hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile wiki nzima, kwa hiyo nayo ikaliwa. Mmoja akazima mashine, mwingine akaanza kufuta alichokiona kigeni, wa tatu akaendelea na kazi kwenye kompyuta ya pili iliyounganishwa na ile ya kwanza. Mimi nilipigiwa simu saa tisa alasiri. Watu wale wana akili na wanafanya kazi kwa bidii. Hakuna aliyewahi kukaa nao wakaulizana: ikitokea, nani anafanya nini kwanza?

Gemu hii ni swali hilo. Mmoja anakuwa nahodha wa tukio. Anachagua kadi nne kwa siri: mvamizi aliingiaje, alisambaaje ndani na kujiongezea mamlaka, alijichimbiaje asitolewe, na anatoaje taarifa kwenda nje. Wengine ni walinzi, wana raundi kumi kuzifunua zote nne. Silaha zao ni kadi za taratibu, kama kupitia logi za fayawoli, kuchunguza kompyuta za wafanyakazi, kutenga mashine au kusimamia dharura. Kila raundi wanakubaliana utaratibu mmoja, wanarusha dadu ya pande ishirini. Wakipata 11 au zaidi wamefanikiwa, na kama utaratibu huo ndio unaomgundua mvamizi wa aina hiyo, kadi inafunuliwa. Utaratibu uliotumika unapumzika raundi tatu.

Sasa kuna kanuni moja naipenda kuliko zote. Kadi nne za taratibu zinawekwa mezani kama zile ambazo ofisi tayari imeziandika na kuzizoea, na hizo zinaongezewa alama 3 kwenye dadu. Nyingine zote unaweza kuzitumia, lakini bila nyongeza. Yaani karatasi mliyoiandika kabla ya siku ya tatizo ina uzito unaoonekana mezani, unaohesabika.

Tulicheza na ofisi ile jioni moja baada ya kazi, watu watano, dadu ya kwenye simu. Bosi alianza kwa kusema, "Fundi, sisi antivairasi tunayo." Raundi ya pili dada wa mapokezi akapendekeza wapitie logi za fayawoli. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Dadu ikaleta 4.

"Lakini nimechagua vizuri!"

"Umechagua vizuri, dada. Sasa nakwambia kwa nini umekosa: ruta yenu inatunza logi za siku mbili tu, na huyu mtu ameingia Ijumaa iliyopita."

Kimya. Bosi akaniuliza kama hilo ni la gemu au ni la ruta yao kweli. Ni la ruta yao kweli. Kwenye gemu nyingine dadu mbaya ni bahati mbaya na mnaendelea. Hapa nahodha anatakiwa aeleze kwa nini mmekosa, na kama nahodha anaijua ofisi, kila kukosa kunagusa kitu kilichopo ndani ya kuta zile. Walishindwa. Raundi ya kumi iliisha kadi mbili bado zimefunikwa, wakaomba tucheze tena.

Kasoro zake zipo. Bila nahodha anayeijua kazi hii, inageuka kelele za kurusha dadu. Kadi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito hata kwa Mwingereza asiye fundi, kwa hiyo mimi nimeandika maana zake kwa Kiswahili kwenye vikaratasi, na nahodha anasimulia kila kitu kwa Kiswahili. Na haichezwi na mtu mmoja. Kijana aliye peke yake nyumbani arudi kwenye Hacknet.

Lakini bosi anayeniuliza gemu moja tu ya kuwapa wafanyakazi wake, namjibu hii, na namwomba na yeye akae mezani. Ofisi ile tumeshacheza mara tatu. Mara ya tatu walizifunua kadi zote nne za mvamizi ilipofika raundi ya nane. Pembeni ya meza ya mapokezi sasa kuna karatasi imebandikwa kwa gundi: usizime, chomoa waya wa mtandao, mpigie fulani, kisha fulani. Na diski ya bekapu inachomekwa Ijumaa saa kumi, inachomolewa saa kumi na moja, na dada wa mapokezi ndiye anayeifungia kwenye kabati.